Blanketi Kwenye Kibanda cha Kreni

Aliyebuni ngazi ya kreni hakuwa Mgusii. Angekuwa Mgusii angeweka mbili, moja ya wakwe na moja ya watu wengine. Iliyopo ni moja tu, nyembamba, imesimama wima ndani ya mnara wa chuma, na anayepanda nyuma hana budi kutazama visigino vya aliyetangulia. Sasa mtu wa kwetu aniambie: mke akitumwa kukagua kreni ambayo dereva wake ni baba mkwe wake, nani atangulie?

Mimi ni mkaguzi wa mitambo ya kunyanyulia mizigo. Kazi yangu ni kuzunguka kwenye mijengo ya mji wa Kisii nikiangalia kama kreni na winchi ni salama. Nikiridhika, kazi inaendelea. Nisiporidhika, ninafunga mtambo kwa kufuli na kuning'iniza kibao chekundu, na siku hiyo huwa sina rafiki. Nimeitwa majina mengi chini ya ngazi hizo, mengine yakimgusa hata mama yangu mzazi. Sijali. Tusi halijawahi kumwangusha mtu kutoka ghorofani. Bolti iliyolegea imewahi.

Nimeolewa Manga, kule juu kwenye ukingo wa Nyamira ambako asubuhi ukungu hukaa kwenye majani ya chai mpaka jua lipate nguvu. Baba wa mume wangu aliendesha kreni Nairobi karibu ujana wake wote, kisha akarudi nyumbani na mgongo uliopinda kidogo na mazoea ya kutazama juu kabla ya kupita mahali popote. Alipostaafu alilima chai na ndizi kama wenzake, lakini ukimkuta amekaa peke yake, mikono yake ilikuwa inasogea magotini, huu mbele, ule nyuma, akibeba mizigo ambayo hakuna mwingine aliyeiona.

Lazima nieleze chinsoni, maana bila hiyo hakuna atakayenielewa. Kwetu, kati ya mke na baba wa mumewe kuna aibu ya heshima, nayo ndiyo hiyo chinsoni. Hatusalimiani kwa mkono. Yeye haingii nyumbani kwangu. Akiwa na neno atasimama uani na kukohoa. Mimi sikai kwenye kiti chake, sigusi nguo zake, na mahali anapolala sipasogelei hata kwa ufagio. Watu wa nje hudhani ni chuki. Si chuki hata kidogo. Ni namna ya kuishi karibu sana bila kuchafuana, na mimi niliipenda, kwa sababu katika boma lile ni mzee huyo aliyenipenda waziwazi.

Nilipoletwa pale nikiwa na kazi ya kuvaa suruali na kupanda vyuma, wifi zangu walisema ndugu yao ameoa fundi. Shangazi mmoja wa mume wangu aliuliza mbele ya wageni kama mtoto wangu wa kwanza ningemzalia juu ya mnara. Wote wakacheka. Mzee alikuwa upande wa pili wa ua, ametupa mgongo kama inavyotakiwa. Akasema kwa sauti bila kugeuka, "Huyo anapanda kwa sababu mimi nilipanda. Nani mwingine katika hii nyumba alitaka kujua mimi nilikuwa nafanya nini huko Nairobi?"

Basi tukawa na masomo yetu. Mimi jikoni nikichambua mboga za managu, yeye nje upenuni, ukuta wa udongo katikati, na wala hatukutazamana. Alinifundisha vitu ambavyo chuoni hawakunifundisha: jinsi sauti ya mota inavyoshuka kabla mzigo haujazidi, jinsi mkono wa kreni unavyoinama kidogo kama mtu anayetaka kusema lakini anaogopa. Neno lake kubwa lilikuwa moja. "Kreni nzuri si ile inabeba," alikuwa akisema. "Kreni nzuri ni ile inajua kukataa." Nimelitumia neno hilo kwa mafundi mara nyingi, nikijifanya ni langu.

Msimu mmoja wa baridi akaugua mapafu, akalazwa. Aliporudi nyumbani nilienda Kisii mjini nikamnunulia blanketi zito la rangi ya kahawa, lenye picha kubwa ya simba. Blanketi ni kitu cha kitandani, kwa hiyo halikupita mkononi mwangu kwenda mkononi mwake. Nilimpa mama mkwe, naye akampelekea. Kesho yake mzee alikohoa uani, akasema mbele ya mlango wangu, "Waambie watu wa hii nyumba, hiyo simba inang'ata baridi." Nilicheka peke yangu jikoni nusu ya siku.

Alipopona akaitwa kazi. Mjini Kisii, nyuma ya soko, mwenye mali mmoja alikuwa anajenga jumba la ghorofa nyingi na kreni ya mnara ilikuwa imefika, lakini madereva waliokuja walikuwa vijana waliokuwa wakiigongagonga kama baiskeli. Mtu akamkumbuka mzee. Sijawahi kumwona mtu akirudi ujanani kwa siku moja namna ile. Alipanga chumba mjini na mama mkwe, wakawa wanarudi Manga Ijumaa jua likikaribia kuzama, tayari kwa Sabato. Mama mkwe naye hakukubali kukaa bure. Akaweka beseni la ndizi mbivu nje ya mabati ya mjengo, chini kabisa ya mkono wa kreni, ili aweze kumtazama mumewe na mumewe amtazame.

Kisha zamu ya ukaguzi wa mjengo huo ikaniangukia. Nilimwambia mkubwa wangu kwamba dereva ni mkwe wangu, ampeleke mwingine. Alinicheka. "Madam, nikitafuta mkaguzi ambaye hana jamaa Kisii, itabidi nimtoe Garissa. Nenda. Wewe hata mama yako ungemfunga." Nikaichukua kama sifa.

Msimamizi wa mjengo alikuwa Mgusii mwenzetu wa Suneka, kwa hiyo sikuwa na haja ya kumweleza lolote kuhusu ngazi. Aliita kwa redio, mzee akashuka kwanza, nami nikageuka kutazama rundo la kokoto mpaka alipofika chini na kwenda zake upande wa pili. Ndipo nikapanda. Nilikagua kimoja baada ya kingine: bolti za mnara, kamba ya waya, ndoano, breki, mawe ya kusawazishia mkia wa kreni. Vyote vilikuwa safi. Grisi ilikuwa imepakwa kwa mkono wa mtu anayependa kazi yake, na nilijivuna, nikasema moyoni kwamba huyu ndiye mwalimu wangu.

Nikafika kwenye kibanda cha dereva. Kibanda ni kidogo, kina kiti kimoja, vioo pande tatu, na miguuni kuna dirisha la kutazama chini. Dereva hukaa humo tangu asubuhi mpaka jioni. Anakula humo, anabadilisha nguo humo, na kwa kuwa hawezi kushuka kila mara, ana chupa yake humo. Kwa hiyo kile kibanda ni chumba cha mtu. Nilisimama mlangoni, mguu mmoja ndani, nikijaribu kutokigusa kiti. Nilifungua boksi la kizuizi cha uzito, kile kifaa kinachopiga honi na kukata nguvu mzigo unapozidi. Lilikuwa sawa, waya zake zote mahali pake. Nikafungua boksi la umeme. Sawa pia. Nyuma ya kiti, kwenye kona, ndipo nilipomwona simba wangu.

Blanketi lilikuwa limekunjwa likafunika kitu kifupi, na juu yake suruali ya mzee ya kushukia nyumbani. Nilidhani ni mkoba wa chakula. Nitasema ukweli: machozi yalinilengalenga. Amelipandisha mpaka huku juu, nikawaza, ambako upepo unapiga. Nikajirudisha nyuma kwa heshima kama mtu aliyefungua mlango wa chumba kisicho chake, nikashuka.

Chini tukafanya jaribio. Mzee akapanda, mimi nikabaki na redio. Tulifunga mzigo niliojua umezidi na nikamwambia aunyanyue. Kreni ikapiga honi, ikakataa. Tukajaribu tena mzigo ukiwa mbali zaidi. Ikakataa. Nilimsikia kwenye redio, sauti ikikwaruza. "Umeridhika, omwana one?" Mtoto wangu, ndivyo alivyoniita, mbele ya mjengo mzima.

"Nimeridhika, tata," nikajibu. Baba.

Sijui niseme nini juu ya majuma yaliyofuata, maana yalikuwa ya raha. Nilitembea na kifua mbele. Nilipofunga mtambo wa mtu mahali pengine na kutukanwa, niliwaambia waende nyuma ya soko wakaone kreni ya mtu mwenye akili.

Ijumaa moja nilitoka kazini mapema kununua vitu vya Sabato, maziwa na mkate na sukari, nikapita kwa mama mkwe kuchukua ndizi. Anayejua mijengo ya kwetu anaijua Ijumaa. Mwenye mali alikuwa mzee wa kanisa, jua likizama hakuna chuma kinachosogea, na Jumamosi nzima kimya. Kwa hiyo kile ambacho kingefanywa kwa siku mbili husukumwa kwenye alasiri moja. Mafundi walikuwa wanakimbia. Wingu jeusi lilikuwa limeanza kupanda upande wa Nyacheki, na kila mtu alijua mvua ya Kisii haibishi hodi.

Nilikuwa nimeinama nikichagua ndizi, na mama mkwe ananiuliza habari za watoto, niliposikia mota. Sauti ilishuka. Niliisikia kama alivyonifundisha, kupitia ukuta wa jiko, ile kushuka kwa mtu anayejikaza. Nikainua macho. Mafungu mawili ya nondo yalikuwa yamefungwa pamoja, na kreni ilikuwa inayapeleka nje kabisa, kwenye ncha ya mkono, ambako fungu moja tu lilikuwa limeruhusiwa. Nikasubiri honi. Mkono ukainama, mzigo ukaendelea kwenda. Nikasubiri ikatae. Haikukataa.

Mzigo ulikuwa unapita juu yetu. Juu ya beseni la ndizi na juu ya kitambaa cha kichwa cha mke wake mwenyewe.

Nilimshika mama mkwe mkono nikamvuta kuvuka barabara. Beseni likapinduka, ndizi zikasambaa, akawa ananipigia kelele kwa Ekegusii kwamba nimeingiwa na nini. Nilimwacha kwenye mlango wa duka nikaingia mjengoni nikikimbia, nikampokonya msimamizi redio. "Shusha," nilisema. "Shusha mahali ulipo, polepole." Mzee alishusha, na nisiwe mwongo, alishusha vizuri. Nondo zilikaa kwenye udongo bila kulia. Mikono yake haikuwa na kasoro yoyote. Hilo ndilo lililonikera zaidi.

Akashuka. Safari hii sikugeuka kutazama kokoto. Alipita mbele yangu akitazama chini, nami nikapanda.

Kibandani simba alikuwa pale pale. Nilisimama nikiwa nimeshika pindo la blanketi, na naapa kwamba sikuogopa kuanguka. Niliogopa nikiinua nitamkuta nani. Nikainua. Suruali ikaanguka sakafuni. Chini yake kulikuwa na kipande cha ubao, na juu ya ubao swichi nyeupe ya taa, ya kawaida kabisa, kama ile iliyo sebuleni kwangu. Waya mbili zilitoka hapo zikapita chini ya mkeka mpaka nyuma ya boksi la kizuizi. Ukiibonyeza upande huu, kreni inajua kukataa. Ukiibonyeza upande ule, inabeba chochote, na honi inanyamaza.

Kwa hiyo siku ya jaribio, wakati ananiuliza kama nimeridhika, kidole chake kilikuwa kimetoka tu kuibonyeza swichi hiyo upande wa kukataa.

Nilishuka na blanketi begani. Mafundi wakageuza nyuso mmoja mmoja walivyoliona. Msimamizi akanifuata akininong'oneza, "Madam, rudisha hiyo kitu. Tafadhali. Hiyo ni kitu ya mzee." Hakusema neno kuhusu nondo. Nikafunga kreni kwa kufuli langu, nikaning'iniza kibao chekundu, na mvua ikatukuta hapo hapo, yenye mawe. Kwenye mlango wa duka mama mkwe alikuwa amejifunika uso kwa leso yake. Nilidhani analia kwa ajili ya ndizi au kwa kuponea chupuchupu. Baadaye nilielewa kwamba alikuwa ameniona na blanketi.

Jumapili tuliitwa nyumbani kwa mzee, Manga. Wazee watatu wa ukoo walikaa kwenye viti, mzee wa kanisa mmoja akaomba, kisha kesi ikaanza, na kesi ilikuwa yangu. Mke amepanda mpaka mahali anapokaa baba mkwe wake. Mke ameshika nguo zake. Mke ametoka na blanketi la mzee mbele ya wanaume. Nilisubiri wafike kwenye swichi. Niliwaeleza mwenyewe, taratibu, kama ninavyowaeleza watu wasiojua mitambo: kreni ikibeba kupita uwezo wake inaanguka, na ikianguka haichagui. Mmoja akaitikia kwa kichwa kwa adabu na kusema, "Hayo ni mambo ya kazi. Hapa tunazungumza mambo ya nyumbani."

Nikamtazama mume wangu. Ni mwalimu, anajua kuongea, darasani hata vipofu wangeona anachochora ubaoni. Akajikuna shingo. "Omba tu msamaha, yaishe," aliniambia. "Mzee ni mzee."

Nimesikia watu wakisema kwamba nami nina sehemu yangu, kwamba siku ya kwanza ningeinua blanketi. Mzigo huo nimekataa kuubeba, na ninaukataa hata leo. Nilikagua kila boksi lililokuwa na haki ya kuwa mle ndani. Adabu haikuwa kosa. Aliyeigeuza maficho ya wizi ndiye mwenye kosa.

Sikuomba msamaha. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka, blanketi likiwa mapajani mwangu, limeoshwa na kukaushwa, kwa maana nilikuja nalo nikitaka kulirudisha vizuri. Nikageuza uso pembeni kama inavyotakiwa, nikamwuliza yeye mwenyewe. Nilimwuliza kwa nini.

Mikono yake ikawa inasogea magotini, huu mbele, ule nyuma. Kisha akasema kwamba kreni ilikuwa inakataa mizigo mingi, kwamba walishaanza kusema wamlete kijana, kwamba asingeweza kurudi kuchuma chai akiangalia kreni ya mtu mwingine kutoka huku kilimani. Nilikielewa kila alichosema. Ningeweza hata kumhurumia.

"Lakini blanketi langu, tata," nikasema. "Kulikuwa na gunia. Kulikuwa na koti. Kwa nini ulifunika na hilo?"

Alijibu kwa upole, kwa sauti ile ile ya masomo yetu ya jikoni, kama mtu anayenifundisha jambo moja la mwisho.

"Gunia ungetoa. Koti, pengine ungeuliza. Nilijua hiyo ukiiona utafurahi, omwana one. Na ukifurahi hutaigusa."

Wazee wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Mmoja akasema hakika mzee alichagua mke mwenye adabu kwa mwanawe. Mama mkwe akaja, akalichukua blanketi mapajani mwangu bila kunitazama, akaingia nalo ndani. Jumatatu nilipopita nyuma ya soko, kreni ikiwa imefungwa na haiwezi kumdhuru mtu, nilimkuta mama mkwe amehamisha beseni lake kutoka chini ya mkono wake, amekaa upande wa pili wa barabara.